MCHEZO WA REDIO WA KURUDI MWAKA 1965

Chama chetu cha michezo ya kuigiza kimeazimia kutunga mchezo wa redio. Nimeombwa niwaeleze wasomaji wa gazeti hili, hasa wazazi, ni mchezo wa namna gani, na kwa nini tunahitaji msaada wao.

Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Kijana wa Karatu anapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro akiwa na redio kuukuu ya babu yake. Ukungu unatanda, na redio inakamata muziki wa dansi uliotangazwa mwaka 1965. Ukungu unapoondoka, kijana yumo katika mwaka huo.

Je, jambo hilo lina sayansi yoyote? Linayo kiasi. Mawimbi ya FM tunayosikiliza siku hizi huenda moja kwa moja, hivyo kuta za kreta, zenye kimo cha mita 600 hivi, huweza kuyazuia. Mawimbi mafupi, ambayo zamani yalitumika sana, hupaa juu, hugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, kisha hurudi ardhini mbali sana. Ndiyo sababu Radio Tanzania, iliyokuwa Dar es Salaam, iliweza kusikika mikoa ya mbali. Lakini si mawimbi yote hurudi. Mengine hupenya, yakaenda zake kwa mwendo wa kilomita 300,000 kila sekunde. Muziki ulioponyoka mwaka 1965 ungali safarini hata leo, katikati ya nyota. Kurudi hauwezi, hapo ndipo tunapobuni.

Kanuni yetu ni hii: tubuni jambo moja tu, na mengine yote yawe ya kweli. Tarehe 30 Oktoba 1938, huko Marekani, Orson Welles alitangaza mchezo wa redio uliotokana na kitabu cha H. G. Wells kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi. Baada ya utangulizi, wasikilizaji walisikia kipindi cha kawaida cha muziki wa dansi; mara muziki ukakatizwa kwa habari za dharura. Baadhi ya waliofungua redio kwa kuchelewa waliogopa kweli, ingawa magazeti yalitia chumvi. Mwaka 1949, mjini Quito, nchini Ecuador, mchezo kama huo uliwatisha watu. Walipojua kwamba si kweli wakakasirika, wakachoma jengo la redio, na watu wakafa. Kwa hiyo sisi tutatangaza mwanzoni, katikati na mwishoni kwamba huu ni mchezo tu.

Katika mchezo wa redio, sikio ndilo jicho. Kosa dogo humwamsha msikilizaji kutoka katika ndoto. Basi tumeorodhesha mambo ya kuangalia.

Kwanza, muziki. Mwaka 1965 zilikuwapo NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, na Atomic Jazz ya Tanga. Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe isisikike, kwani iliundwa mwaka 1973.

Pili, fedha. Kijana wetu akitoa sarafu yenye picha ya Rais Nyerere atashukiwa mara moja. Sarafu hizo zilitoka mwaka 1966; kabla yake ilitumika shilingi ya Afrika Mashariki.

Tatu, barabara. Lami haikuwapo. Gari linapopanda Ngorongoro, zisikike kokoto chini ya magurudumu.

Nne, redio yenyewe. Ilikuwa transista ya betri, na betri zilipolegea ziliwekwa juani zipate nguvu kidogo.

Hayo yote yanapatikana kwa kusoma na kuuliza. Yaliyo magumu ni ya Karatu yenyewe. Nani alikuwa na redio kijijini? Watu walikusanyika wapi kuisikiliza? Walipenda bendi ipi, nao wazee wao walisemaje juu ya dansi hilo la mjini? Mikanda ya sumaku iliyorekodiwa na Radio Tanzania imehifadhiwa Dar es Salaam. Ijapokuwa mikanda huharibika kwa joto na unyevu, angalau ipo. Kumbukumbu za Karatu hazina mkanda wala kabati. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1965 sasa amepita 80.

Basi, wanafunzi wenzangu, likizo hii kila mmoja amwendee babu au bibi akiwa na daftari. Aulize kwa adabu, asimkatize, aandike jina la kijiji na mwaka. Nanyi wazazi, twawaomba mtusaidie kuwakumbusha wazee hata yale yanayoonekana madogo, kama mlio wa mlango wa duka au salamu za siku zile. Mchezo usipofana, daftari zitabaki, nazo zitakuwa na faida kuliko mchezo. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.