Kwa nini treni haikupita Mbuyuni, na kisa cha stesheni ya Kidatu

Juzi nikiwa kafe hapa Ruaha Mbuyuni, dogo mmoja wa kidato cha pili kaniuliza: "Braza, mbona sisi hatuna stesheni ya treni na malori yote ya Zambia yanapita hapa?" Nikaona swali zuri, nikaingia kuchimba. Jibu lake linapatikana Kidatu.

Kidatu ni jirani zetu. Mto Ruaha Mkuu huu tunaomwagilia vitunguu ndio huo huo unaoteremka mpaka kwenye bwawa la umeme la kule. Kwa gari unaenda hadi Mikumi, halafu unakata kulia.

Reli ya kwanza kufika Kidatu ilikuwa tawi la Reli ya Kati, kutoka Kilosa kupitia Mikumi, miaka ya 1960. Reli ya Kati yenyewe Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914. Upana wake, chuma hadi chuma, ni milimita 1,000.

Sasa mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ilikuwa inapita huko huko kwao. Nyerere na Kaunda wakataka njia ya Dar. Nchi za Magharibi zikasema reli hiyo hailipi, China ikakubali mwaka 1967. Ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 TAZARA ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860. Ilifuata bonde la Kilombero: Kidatu, Ifakara, Mlimba, ndipo ikapanda milima hadi Makambako. Barabara kuu ndiyo ikapita kwetu na kupanda Kitonga. Kwa hiyo Mbuyuni tukapata lami, Kidatu wakapata reli ya pili.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, maana reli za Zambia na za kusini mpaka Afrika Kusini ndio upana wake. Tofauti na Reli ya Kati ni milimita 67. Mi nimechukua kitunguu cha kawaida cha hapa nikapima kwa rula: ni hicho hicho kitunguu kimoja!

Kwa sababu ya huo upana wa kitunguu, behewa la kutoka Kigoma haliwezi kuingia reli ya Zambia. Lazima mzigo ushushwe na kupakiwa upya. Eneo la kufanyia kazi hiyo pale Kidatu lilifunguliwa 1998, yaani miaka 22 baada ya TAZARA kukabidhiwa. Miaka yote hiyo reli mbili zinaangaliana tu.

Msimu wa vitunguu huwa napakia lumbesa kwenye malori, najua kupakia mara mbili maana yake nini. Ni hela mara mbili na siku zinaenda. Gunia likibwagwa vitunguu vinachubuka, kimoja kikioza kinaambukiza wenzake, na tajiri anamkata mkulima.

Leo tuna reli ya tatu, SGR, ambayo safari za Dar hadi Dodoma zilianza 2024. Upana wake ni milimita 1,435. Siipingi, inabeba mzigo mzito na inakimbia. Mwaka huo huo, Septemba, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing kusainiwa kwa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Safi sana. Lakini reli tatu zenye upana tatu, mzigo utahama vipi kutoka moja kwenda nyingine, na gharama ya kushusha na kupakia ataibeba nani? Mi naona ni huyu huyu mkulima.

Kwa hiyo dogo, jibu lako hilo hapo: mabonde na milima ndiyo iliyoamua treni ipite wapi. Ila kuwa na stesheni peke yake hakutoshi, waulize Kidatu.

Wadau wa Kidatu mliowahi kuhamisha mizigo pale, tupeni stori hapo chini.