Nani Aligusa Takwimu Hii?

Kila mwanzo wa mwezi, zahanati za Butiama, vituo vya afya vya Bunda na hospitali za Musoma hufunga hesabu za mwezi uliopita. Watumishi hujumlisha yaliyoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya (cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha leba na vinginevyo), kisha jumla hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya takwimu za afya za nchi nzima. Ofisa aliyeko Musoma akifungua grafu ya malaria ya Bunda, mwenzake wa wizarani Dodoma anaweza kuiona hiyohiyo wakati huohuo.

Mfumo huu una asili ya Kiafrika. Ulianza Afrika Kusini miaka ya 1990, nchi ilipokuwa ikiunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Toleo lake la mtandaoni linaendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa nguzo ya matumizi yake hapa nchini. Kufikia mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara.

Watumiaji wengi wanazijua fomu na grafu zake. Wachache wanajua kwamba, zaidi ya takwimu za wagonjwa, seva inaweza pia kutunza kumbukumbu za watumiaji wenyewe: nani aliingia, aligusa nini, lini.

Tuseme zahanati moja ya Butiama imeripoti wagonjwa 34 wa malaria, na wiki mbili baadaye grafu inaonyesha 340. Kanda ya Ziwa, iliko Butiama, ni miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa sana na malaria, kwa hiyo namba kama hiyo haimshtui mtu haraka. Inaweza kupita hadi kwenye makisio ya dawa na vipimo. Ikigundulika, muuguzi atasema aliandika 34, na mratibu wa MTUHA atasema aliingiza alicholetewa. Kumbukumbu za seva humaliza ubishi huo. Zinaonyesha thamani ya awali, akaunti iliyofanya mabadiliko, tarehe na saa. Katika ukurasa wa zamani wa kuingizia takwimu, ukibonyeza kisanduku mara mbili, historia yake inafunguka mbele yako. Kwangu mimi, faida kubwa ya kumbukumbu hizi ni kumlinda mtumishi mwaminifu, kuliko hata kumnasa mdanganyifu.

Msimamizi wa seva ndiye anayeamua kinachoandikwa. Katika faili la mipangilio liitwalo dhis.conf, taarifa zimegawanywa katika mafungu: takwimu za jumla, taarifa za mtu mmojammoja, na mipangilio ya mfumo wenyewe. Kwa kila fungu huchagua matendo ya kurekodi, yaani kuongeza, kubadili, kufuta au kusoma. Matatu ya kwanza hayana mjadala. Kusoma ndiko kwenye mzigo, maana kila anayefungua ukurasa huacha mstari, na mistari hiyo ikilundikana bila mpango wa kuhamisha ya zamani, diski hujaa na seva yenyewe inaweza kusimama. Kurekodi kila aliyeitazama jumla ya chanjo za wilaya ni kupoteza nafasi. Ila taarifa za mgonjwa mmoja, kama majibu ya kipimo chake cha VVU, ni jambo jingine kabisa: hapo hata kutazama tu lazima kuandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kuna suala la saa, na linapotosha kuliko watu wanavyodhani. Seva nyingi duniani hupangwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtumishi wa Bunda akibadili namba saa nne asubuhi, seva ya namna hiyo huandika 07:00. Anayesoma kwa haraka ataelewa saa saba, au saa moja asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa, na mtu asiye na kosa ataulizwa alikuwa akifanya nini kwenye mfumo mapema hivyo. Kumbukumbu zisizotaja ni saa za wapi ni ushahidi wa kupotosha.

Na je, msimamizi mwenyewe akizifuta? Dawa ya kwanza ni kupeleka nakala papo hapo kwenye seva nyingine asiyoimiliki. Ya pili inatokana na wazo lililoelezwa mwaka 1991 na watafiti Stuart Haber na Scott Stornetta: kila kumbukumbu ibebe alama ya kihisabati iliyokokotolewa kutokana na kumbukumbu iliyoitangulia. Herufi moja ikibadilishwa katikati, alama zote zinazofuata hazilingani tena. Ni mnyororo; pete moja ikikatwa, inaonekana.

Hayo yote, hata hivyo, huporomoka kwa jambo dogo linalofanyika ofisini: nywila moja kutumiwa na watu watatu. Imebandikwa ukutani, au aliyehamishwa ameiacha kwa wenzake ili kazi isikwame. Seva haioni sura ya mtu, inaona akaunti. Itaandika kwa usahihi kamili jina la mtu ambaye siku hiyo alikuwa likizo.

Mipangilio ya seva ya taifa haiko mikononi mwa mganga mfawidhi wa Butiama wala mratibu wa Bunda. Akaunti iko mikononi mwao. Kama unafanya kazi na mfumo huu, omba akaunti yenye jina lako, badilisha nywila uliyopewa, na anayehama kituo akaunti yake ifungwe siku anayokabidhi ofisi. Fanya hivyo kabla ya ripoti ya mwezi ujao.