Usingizi wa Dereva wa Lori

Katika nchi ya Marekani mizigo mingi huchukuliwa kwa malori makubwa, na safari zake ni ndefu. Dereva aweza kuondoka kwake asirudi ila baada ya siku nyingi. Kwa sababu hiyo malori mengi ya safari ndefu yana chumba kidogo nyuma ya viti, chenye kitanda na pazia. Humo dereva hulala kando ya njia, kama baharia alalavyo chomboni mwake.

Usingizi huo si anasa. Sheria ya nchi ile yasema ya kwamba dereva wa lori la mizigo, akiisha kupumzika saa 10 mfululizo, aweza kuendesha saa 11, wala asizidishe. Sababu yake yaeleweka upesi. Lori lililojaa laweza kuwa na uzito wa tani 36. Likienda mwendo wa kilometa 90 kwa saa, hupita meta 25 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde nne tu, lori limekwisha kwenda meta 100 pasipo mtu wa kuliongoza, na mbele yake huenda pana motokaa yenye watoto.

Lakini ni nani awezaye kulala ndani ya tanuri? Katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, mwaka 2023, joto lilifika digrii 43 na kupita kwa siku 31 mfululizo. Lori likisimama juani mahali kama pale, chumba chake huwa moto kupita hewa ya nje.

Tangu zamani madereva wengi wameacha injini iwake muda wote walalapo, ili mashine ya kupoza hewa ifanye kazi. Njia hii ina hasara. Injini hula mafuta karibu lita 3 kwa saa. Kwa saa 10 ni lita 30, na lori halijasogea hata hatua moja. Tena injini huchakaa bure, na moshi wake huwadhuru madereva wengine waliolala karibu pamoja na wenyeji wa mahali pale. Kwa hiyo katika jimbo la California, tangu mwaka 2008, malori yenye vitanda yamekatazwa kusimama injini kuu ikiwaka zaidi ya dakika 5, isipokuwa yale yenye injini zilizothibitishwa kuwa na moshi mchache.

Basi dereva afanyeje? Kwanza yampasa kujua joto laingia kwa njia gani. Jua hupenya katika vioo, na kioo cha mbele ndicho mlango wake mkubwa. Tena hupasha moto bati la paa na la ubavuni, na bati hupasha hewa ya ndani. Mwisho, dereva mwenyewe hutoa joto mwilini mwake hata akiwa amelala.

Dereva mwenye busara huanza kwa kuyafunga malango hayo. Hutafuta kivuli cha mti au cha jengo. Akikosa kivuli, huligeuza lori ili kioo kikubwa kisielekee jua litakakokuwa wakati wa kulala kwake. Kisha hufunika vioo kwa karatasi nene inayong'aa kama fedha, nayo huurudisha mwanga ulikotoka. Hufunga pazia kati ya viti na kitanda, apate kupoza mahali padogo tu. Kuta na paa la chumba hutiwa sufi nene yenye hewa tele ndani yake, maana hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Kila mwanafunzi aliyepata kukaa adhuhuri chini ya paa la bati, kisha akaingia katika nyumba ya makuti, ameyaona hayo kwa mwili wake.

Jua likishuka na hewa ya nje ikapoa, dereva hufungua madirisha mawili yanayoelekeana, yenye nyavu za kuzuia mbu, na feni ndogo huisukuma hewa. Feni yenyewe haipozi hewa. Huharakisha kukauka kwa jasho, na jasho likikauka huchukua joto la mwili. Ndiyo kazi ile ile ya mtungi wa udongo, ambao maji yake hupoa kwa sababu mengine hupenya nje na kukauka. Katika nchi kavu kama Arizona, hata kitambaa kibichi kilichowekwa mbele ya feni hupoza vizuri. Lakini katika pwani yenye unyevu, kama Houston, hewa imekwisha kushiba maji, na kitambaa hicho hakifai sana.

Penye joto kali mno hila hizo hazitoshi, nayo mashine yahitajiwa. Hata hivyo si lazima injini kuu iwake. Malori mengine yana betri za akiba, ambazo hujazwa umeme lori liendapo, na usiku huendesha mashine ndogo ya kupoza. Betri hizo hutengwa na ile ya kuwashia injini, asije dereva akaamka asiweze kuondoka. Mengine hugandisha barafu mchana katika sanduku, na usiku hewa hupozwa kwa barafu hiyo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto liwezalo kupasha kilo moja ya maji toka digrii 0 hata digrii 80. Tena viko vituo ambapo dereva huunga waya na kupata umeme wa mji.

Lakini mashine hizi zote zina nguvu yenye mpaka. Chumba kilichoachwa juani bila pazia humaliza betri kabla ya alfajiri; chumba kilichokingwa vema hutunza ubaridi hata asubuhi. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva aliyeziba nyufa za joto kabla ya kulala huamka na nguvu mpya, na wasafiri atakaokutana nao njiani hupita salama, wala hawajui ya kuwa usalama wao ulianza kwa pazia lililofungwa jana.