Kurasa za Mwisho Zikichanika: Aina za Riwaya Zilivyojadiliwa Maisaka

Katika makala haya nataka kueleza jambo ambalo kila mwaka hutusumbua kwenye semina za fasihi: riwaya ya Kiswahili ina aina ngapi, na kuzijua aina hizo kunamsaidia nini mtu anayesoma kwa sababu tu anapenda kusoma. Jibu la darasani sote tumelikariri. Kuna riwaya dhati na kuna riwaya pendwa. Dhati huchimba matatizo ya jamii na kumfikirisha msomaji. Pendwa humtekenya, ikamwacha pale pale ilipomkuta. Upande wa kwanza tunawaweka Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi. Upande wa pili Katalambulla, Musiba, Mtobwa, Hammie Rajab na wenzao. Muhammed Said Abdulla tunamsimamisha mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, maana hatujui tumfanye nini.

Mimi nami niliyaamini hayo, mpaka likizo ndefu moja niliyokaa nyumbani Maisaka, pale Babati mjini.

Kwetu kitabu cha hadithi hakinunuliwi sana, kinazunguka. Babati ni njia panda, barabara ya Arusha kwenda Dodoma inakutana na ile ya Singida, na nashuku kwamba vitabu vingi vilivyomo majumbani vilisahauliwa na wasafiri au viliachwa rehani kwa mama ntilie. Vinafika vimekwisha kupoteza majalada. Mtu hajui mwandishi wala mwaka, anajua tu kwamba "hiki ni kile cha yule mwenye kiko". Kijiwe chetu kilikuwa baraza la fundi cherehani, ambaye alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti jioni, kazi zikipungua. Wasikilizaji walikuwa mchanganyiko wa watu wa pale: Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Mmbugwe mmoja wa kutoka Magugu, na mama muuza genge aliyepanga nyanya zake jirani na kuchangia kila mjadala bila kugeuza kichwa.

Basi bwana, jioni ya kwanza nilikuta anasoma *Mzimu wa Watu wa Kale*. Nilikitambua papo hapo, maana hadithi hii ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960, na ndiyo kwa kawaida huhesabiwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni. Bwana Msa, kiko mdomoni, anaingia kazini pamoja na rafiki yake Najum. Wasikilizaji wetu kwanza walihangaika na neno lenyewe. Kwao mzimu ni roho ya marehemu. Katika kitabu mzimu ni mahali, pale watu wanapopeleka sadaka na kuomba. Ikabidi tulieleze neno hilo kwanza ndipo maiti ieleweke imelala wapi.

Usomaji ulichukua jioni nne. Jioni ya nne fundi akafungua ukurasa, akakuta hakuna unaofuata. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, pengine zamani sana, kufungia karanga. Jamani, ugomvi uliozuka! Mtu mmoja alidai arudishiwe muda wake. Mwingine alisema kitabu chote sasa ni bure, bora hata hizo zilizobaki zifungie karanga. Mama wa genge akatamka kwamba yeye anamjua muuaji tangu juzi, akamtaja na kutoa sababu zake tatu. Alikosea, lakini sikumwambia.

Usiku ule nilijiuliza: kwa nini kuchanika kwa kurasa kumi kuue kurasa mia? Naona hapo ndipo penye maana ya aina ya riwaya. Aina ni ahadi. Mwandishi wa upelelezi, tangu maiti inapoonekana, anakuahidi jibu la swali moja: nani kafanya? Kila kinachofuata, mazungumzo, mashahidi, hata maelezo ya chumba, kinapimwa kwa swali hilo. Ukimnyima msomaji jibu umevunja ahadi, na ana haki ya kukasirika. Lakini angalieni pia kilichobaki baada ya hasira. Siku mbili zilizofuata watu hawakuzungumzia muuaji tena. Walizungumzia uchawi: je, ni kweli kwamba mambo mengi tunayoyatupia mizimu yana mkono wa mtu mwenye akili timamu na tamaa ya mali? Abdulla alikuwa amewaahidi fumbo, na kwa mlango wa nyuma akawaachia hoja. Sasa huyo tunamwita mburudishaji tu?

Nikaona nijaribu aina nyingine. Nilikuwa na *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba (1974), ile ambayo Willy Gamba anatumwa kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Hii ni ya kijasusi, na ahadi yake ni tofauti. Msomaji anamjua adui mapema, hivyo swali ni "watamuwahi?" Mchezo uko kwenye muda, na sentensi zinakimbia kama mtu aliyechelewa basi. Fundi aliisoma kwa mbio, akasahau hata kupumua kwenye nukta.

Ila aina hii ina jambo ambalo sikulifikiria kabla. Musiba alipoandika, Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na vita vya Msumbiji vilikuwa havijaisha. Msomaji wa 1974 hakuhitaji kuambiwa adui ni nani. Alimsikia redioni kila siku. Kijana mmoja kijiweni, aliyezaliwa miaka mingi baada ya 1994, aliuliza taratibu, "Hawa makaburu ndio akina nani hasa?" Mzee mmoja akamweleza kwa nusu saa. Riwaya ya upelelezi inaweza kukaa miaka sitini bila kuchacha, kwa sababu watu bado wanauana kwa ajili ya mashamba. Ya kijasusi hufungwa kamba na adui wake, na adui akianguka inahitaji mzee wa kuieleza. Hilo silihesabu kuwa kasoro, ndivyo aina yenyewe ilivyo, na mhakiki asiyelijua atamlaumu Musiba kwa kosa ambalo hakulitenda.

Kosa alilolitenda lilionwa na mama wa genge. "Hebu niambie, msomi," aliniita, "mbona kila mwanamke humo ama ni mtego ama ni kitanda?" Nilitaka kumjibu kwamba ndiyo desturi ya riwaya za kijasusi tangu akina James Bond. Nikameza jibu langu, kwani nilijua desturi si udhuru. Tukarudi nyuma kidogo, tukahesabu wanawake wa kitabu kizima na kazi zao. Fundi aliyekuwa amekishangilia akawa anakuna kichwa. Huo ulikuwa uhakiki wa usawiri wa wahusika, safi kabisa, na hakuna aliyetaja nadharia yoyote.

Juma lililofuata nilileta *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), na safari hii nilifanya hila. Sura za mwisho nilizibana kwa kipande cha kitambaa, nikawaambia hizo nazo hazipo. Nilitaka kuona kama watakasirika vilevile. Hawakukasirika. Rosa, binti aliyelelewa Ukerewe na baba mlevi mwenye fimbo, anakwenda shule ya bweni bila kujua lolote kuhusu wanaume, kisha anaanza kuporomoka. Tulipofika penye kitambaa mjadala ulikuwa umeshawaka: kosa la nani? Mzee akasema shule. Mama akasema baba, tena akasema kwa sauti ya mtu anayemjua baba wa namna hiyo. Kijana akasema Rosa mwenyewe, akazomewa. Giza likaingia, cherehani ikafunikwa, watu bado wamesimama. Hakuna aliyeuliza "ikawaje?" mpaka karibu saa mbili usiku. Nilipofungua kitambaa na kusoma, walikaa kimya, na mama akakusanya nyanya zake akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo riwaya ya kijamii inaahidi kukuonyesha kwa nini ilibidi iwe hivyo, na kwa sababu hiyo unaweza kuichana mwisho wake na bado ikasimama. Ni ajabu kukumbuka kwamba kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Waliokifungia walikisoma kama riwaya ya mapenzi, wakaona matendo tu, wakakosa swali. Ukiikosea aina, unasoma kitabu kingine kabisa.

Riwaya iliyonishangaza kuliko zote ni ile ndefu ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa 1980, na mwaka 1981 akafariki. Kusema kweli mimi darasani nilikuwa nikiruka kurasa. Mke anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu hajazaa, mume anahangaika kumrudisha, pombe ya ndizi inatengenezwa, na kila hatua inaelezwa polepole, kama vile mwandishi ana siku zote za dunia. Mzee wetu, Mgorowa, ndiye aliyeishika hadithi hii. Hakutaka kujua mwisho, hakutafuta wa kumlaumu. Alikuwa anakikagua kitabu. "Hapo amesema kweli, mkwe haingii hivihivi." Au, "Hapo Wakerewe wanafanya tofauti, sisi ingekuwa ng'ombe." Alikuwa anamsomesha Kitereza mila zetu kwa kubishana naye. Riwaya ya aina hii inaahidi kumbukumbu, na msomaji wake ni shahidi anayeitwa kuthibitisha au kukanusha. Nilijiona mjinga kwa zile kurasa nilizoruka.

Sikufaulu kila mahali, lazima niseme. *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951) ilipita haraka. Walielewa mara moja kwamba nchi ile ya angani iko chini hapa hapa, wakacheka, wakaanza kuwagawia viongozi wa mtaa majina ya wahusika, mjadala ukaishia hapo. Na *Kuli* ya Shafi Adam Shafi (1979), inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa bandari Zanzibar mwaka 1948, ilikwama kwanza kwenye bandari yenyewe. Kwa mtu aliyezoea Ziwa Babati na viboko wake, meli ya kupakuliwa na mamia ya watu ni jambo la kukisia. Lakini walipofika kwenye mishahara hawakuhitaji tafsiri.

Kilichoniuma mimi binafsi ni *Kichwamaji* (1974). Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi likizo kijijini na elimu yake yote, na hajui aitumie kwa nani. Fundi alisoma kurasa ishirini, akaniangalia juu ya miwani, akaendelea. Kuanzia kesho yake nikawa naitwa Kazimoto. Nilicheka nao, lakini usiku sikucheka. Nilikuwa nimewafanyia watu hawa majaribio ya kitambaa kama panya wa maabara, na wao walikuwa wakinisoma mimi muda wote.

Niliporudi chuoni nilipendekeza kuandika tasnifu kuhusu riwaya pendwa, nikianzia na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mhadhiri mmoja aliniambia kwa upole kwamba huo ni upotevu wa karatasi. Naielewa hoja yake, ina historia. Miaka ya 1970 na 1980 wahakiki wetu waliitazama fasihi kama silaha ya ujenzi wa jamii, na vitabu vya bastola na warembo waliviona kasumba. Lakini tukumbuke wasomaji wake walitoka wapi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima; 1977 ikaja elimu ya msingi kwa wote. Watu wengi walijua kusoma ghafla, wakatafuta cha kusoma. Wachapishaji wadogo wa Dar es Salaam, akiwemo Mtobwa mwenyewe na Heko yake, waliwapa. Hatuwezi kuisifu kampeni ya kisomo halafu tukawadharau waliosoma.

Sisemi kwamba vitabu vyote ni sawa. Kuna riwaya za upelelezi ambazo muuaji anatokea ukurasa wa mwisho bila kuwahi kutajwa, na huo ni wizi. Kuna riwaya zinazojiita dhati ambazo ni hotuba zilizovishwa majina ya watu. Kwa maoni yangu *Dar es Salaam Usiku* ya Mtobwa inaujali mji na watu wake kuliko riwaya kadhaa tunazofundishwa. Ninachopinga ni kupima mambo mawili kwa rula moja. "Pendwa" na "dhati" ni maneno ya kupima thamani. Upelelezi, ujasusi, jamii, kumbukumbu, fumbo ni maneno ya kutaja ahadi. Tuulize kwanza kitabu kimeahidi nini, kisha kama kimetimiza, na baadaye kabisa kama ahadi yenyewe ilistahili. Swali la mama wa genge lilikuwa la hatua hiyo ya tatu, na yeye alilifikia kabla yangu.

Kuna suala la haraka zaidi. Riwaya nyingi za miaka ile zilichapwa kwenye karatasi hafifu na nakala zake ziko majumbani, si maktabani. Mtobwa alifariki 2008, Musiba 2010. *Vuta N'kuvute* imepata filamu mwaka 2021, na *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah imetufikia kwa Kiswahili kama *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, 2022. Hizo zina wa kuzitunza. Zile zisizo na majalada zinaendelea kufungia karanga.

*Mzimu wa Watu wa Kale* nilikipata kizima kwa muuza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, nikanakili kurasa za mwisho kwa mkono na kuzituma kwa basi. Fundi alipiga simu kusema zimefika na zimeshonewa kwenye kitabu kwa uzi wa cherehani. Mama wa genge amesema muuaji niliyemtuma si yeye, na kwamba sababu zake tatu bado zinasimama. Nimeambiwa nikienda niende na *Utengano*, na nisije na kitambaa.