Kingamwili na Uzazi wa Majira

Kwa miaka mingi mzigo wa uzazi wa majira umebebwa zaidi na akina mama. Akina baba wamekuwa na njia mbili kubwa tu: mpira, au kufungwa mirija. Kwa hiyo matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 na wanasayansi wa Marekani na India yalikuwa na uzito wake.

Wanasayansi hao waliwachanja tumbili madume kwa epini, protini inayokaa juu ya mbegu za kiume. Miili ya wanyama hao ikaitengenezea kingamwili, kama inavyofanya dhidi ya vijidudu vya maradhi. Kati ya tumbili 9, 7 walipata kinga ya kutosha, na wote 7 hawakuweza kuzalisha. Chanjo iliposimamishwa, 5 kati yao walirudiwa na uwezo wao.

Hapo ndipo penye suala lenyewe. Kila mwili hujenga kinga kwa kiasi chake, na hauamrishwi lini uiache. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichukua njia nyingine: kingamwili hutengenezwa nje ya mwili, katika mimea ya jamii ya tumbaku, kisha hutiwa katika utando mwembamba anaojiwekea mwanamke ukeni. Humo huzigandisha mbegu zisisafiri; ikiisha, nguvu yake nayo imekwisha.

Hata hivyo, mzigo umerudi kwa mama. Naye baba angali akingoja njia ya kufunga mlango ambayo ina hakika ya kuufungua tena, kwani kupanga uzazi si kuukomesha.