Wasifu wa Mzee Usingoje Usiku wa Matanga

Bila shaka umewahi kuomba ruhusa kazini ukasafiri kwenda kumzika mzee wa ukoo huko Tarime au Serengeti. Kabla ya jeneza kuteremshwa kaburini, mjukuu mmoja mwenye sauti nzuri husimama na karatasi mkononi. Husoma kwamba marehemu alizaliwa "mwaka wa 1920 hivi", alioa wake watatu, na ameacha watoto na wajukuu wengi. Kisha huikunja karatasi. Maisha ya miaka tisini yamekwisha kwa dakika tatu.

Hakuna aliyekusudia kumpunja marehemu. Karatasi ile iliandikwa usiku wa kuamkia maziko, huku ng'ombe wa kuchinjwa akitafutwa na wageni wakipangiwa mahali pa kulala. Hata hivyo, hasara yake ni kubwa kuliko aibu ya siku moja.

Tuanze na ng'ombe. Kwa mila ya Wakurya, nyumba ya kila mke ina mifugo yake. Ng'ombe wa mahari ya binti humlipia mahari kaka yake wa tumbo moja. Baba akiwachukua ng'ombe hao amwolee mke kijana wa nyumba nyingine, hilo ni deni baina ya nyumba mbili, nalo huweza kungoja miaka mingi hadi lilipwe. Daftari la madeni hayo ni kichwa cha baba. Akifariki kabla ya kuulizwa, ndugu waliokula sahani moja huanza kutazamana kwa jicho la shaka. Kumbe basi, kumkumbuka mzee ni kazi ya kulinda amani ya mji wake, wala si kumlilia tu.

Pili ni umri. Kukosa cheti cha kuzaliwa si kukosa kalenda. Mkurya huhesabiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kizazi, anachorithi kwa baba yake: wana wa Abamaina ni Abasai, wana wa Abasai ni Abanyamburiti, wana wao ni Abagamunyere, na wana wa hao hurudi kuwa Abamaina. Upande wa pili wamo Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma, nao huzunguka vivyo hivyo. Njia hii hueleza ukoo, lakini haitaji miaka. Kijana asiye na ndevu aweza kuwa wa kizazi kilicho juu ya mzee mwenye mvi. Njia ya pili ni esaro, yaani rika la waliotahiriwa pamoja. Hiyo ndiyo hutufikisha kwenye miaka. Huko Serengeti, Waikoma, Wanata na Waishenyi nao wana marika yao, waitayo saiga.

Kwa hiyo usimwulize mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" Mwulize alitahiriwa na akina nani, na wakati ule nchi ilikuwa katika hali gani. Je, ilikuwa kabla ya nzige wa mwanzo wa miaka ya 1930, au baada yake? Je, vijana walikuwa wakichukuliwa kwenda Vita Kuu ya Pili, ya 1939 hadi 1945? Je, alikwisha kuoa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951? Mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, 1961, zilimkuta na watoto wangapi? Alihamia kijijini wapi mwaka 1974? Nani katika nyumba yake alikwenda Vita vya Kagera, 1978 na 1979? Kila jibu ni kigingi kimoja, na vigingi vikitosha, boma husimama.

Majina nayo ni kumbukumbu. Tazama jirani zao, Wazanaki wa Butiama. Chifu Burito, aliyefariki mwaka 1942, alipewa jina la Nyerere, maana yake kiwavi, kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Mwanawe aliyezaliwa Aprili 1922, siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Huyo ndiye Mwalimu Julius Nyerere. Je, wewe wajua kwa nini babu yako aliitwa hivyo alivyoitwa?

Tatu, wanawake. Mara nyingi wasifu hutaja "wake watatu" kana kwamba ni idadi ya majembe. Andika jina la kila mama, kwao alikotoka, na watoto wake wote, mabinti kwa wavulana. Wao ndio waliopalilia ulezi na mihogo iliyomlisha huyo tunayemsifu. Aidha, tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria. Binti asiyetajwa katika wasifu leo atasahauliwa kwa urahisi shamba likigawanywa kesho.

Kazi hii haihitaji mtu wa chuo kikuu. Wazee wa kusini mwa Mara waliandika wenyewe habari za makabila yao, na mwaka 2003 maandishi yao yalikusanywa na kuchapishwa kitabu. Wewe unahitaji daftari, simu ya kunasa sauti, na likizo ya siku chache. Keti na mzee asubuhi, kabla hajachoka. Mwache aeleze hata makosa yake, maana mzee asiye na kosa hatambuliwi na wanawe. Waulize pia bibi na wenzi wa rika lake waliobaki. Kisha msomee ulichoandika, mbele ya watoto wa kila nyumba, asahihishe kwa kinywa chake.

Wahenga walinena: penye wazee haliharibiki neno. Hapana budi neno hilo tulichukue wangali hai. Basi lile unalopanda kwenda msibani ndilo basi lile lile liendalo kumsalimu mzee, na nauli ni moja.