Kubadili Njia Si Kuhamisha Wasifu

Orodha za istilahi zinazotayarishwa kwa ajili ya wafasiri huwa zimejaa nomino. Vitenzi ni haba, na hata vinapotajwa huchukuliwa kwamba kila mtu anavifahamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja, kwamba katika maandishi ya kompyuta kitenzi kilichochaguliwa ovyo chaweza kuleta hasara kubwa kuliko nomino iliyochaguliwa ovyo. Mfano wenyewe ni kazi ifanywayo katika ofisi nyingi zenye kompyuta zilizounganishwa, nayo ni kubadili njia ya wasifu wa mtumiaji katika seva ya mafaili.

1. Jambo lenyewe

Yafaa kwanza tueleze mambo matatu kwa ajili ya msomaji ambaye kazi hii si yake.

Seva ya mafaili ni kompyuta inayohifadhi mafaili ya ofisi nzima na kuyatoa kwa kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao. Wasifu wa mtumiaji ni jumla ya mambo yanayomhusu mtu mmoja anapotumia kompyuta: mpangilio wa eneokazi, yaani ile sehemu ya kioo ionekanayo mara baada ya kuingia, mafaili aliyoyaweka hapo, pamoja na mapendeleo yake katika programu mbalimbali. Katika mfumo wa Windows, mapendeleo hayo huandikwa katika faili liitwalo NTUSER.DAT, lililomo ndani ya kabrasha la kila mtumiaji.

Wasifu waweza kukaa katika kompyuta moja tu, nao huo tutauita wasifu wa mahali. Waweza pia kuhifadhiwa katika seva ili umfuate mtumiaji popote aketipo, nao huo tutauita wasifu unaosafiri. Mtumiaji anapoingia, kompyuta hunakili wasifu wake kutoka kwenye seva. Anapotoka, mabadiliko aliyoyafanya hurudishwa kwenye seva.

Kompyuta hujuaje wasifu wa fulani uko wapi? Huusoma katika akaunti yake. Katika mfumo wa Active Directory, ambao ulikuja pamoja na Windows 2000, kila akaunti ina nafasi maalumu ya kuandikia njia ya wasifu. Humo huandikwa maneno ya namna hii:

\\SEVA1\Wasifu\amina

Mikwaju miwili ya kinyume iliyo mwanzoni huonyesha kwamba kinachofuata ni jina la kompyuta iliyo katika mtandao. Jina hilo hapa ni SEVA1. Baada yake huja jina la kabrasha ambalo seva hiyo imelifungua kwa watumiaji, na mwisho jina la kabrasha la mtumiaji mwenyewe. Mkwaju wa kinyume una historia yake. Makabrasha yalipoingizwa katika mfumo wa DOS mwaka 1983, mkwaju wa kawaida ulikuwa umekwisha kutumiwa katika amri kwa kazi nyingine, hivyo ikabidi kuchukua ule wa kinyume. Mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, hutumia mkwaju wa kawaida.

2. Mfano wa masijala

Mtumishi wa serikali atalielewa jambo hili upesi akiikumbuka masijala. Kila jalada lina mahali pake katika kabati, na mahali hapo pameandikwa katika rejista. Karani akiyakata maandishi "Kabati 3, Shubaka 2" na kuandika "Kabati 7, Shubaka 1", amebadili rejista. Jalada lenyewe halikusogea. Atakayelitafuta kesho kwa kuifuata rejista atakuta shubaka tupu.

Njia ya wasifu ni maandishi ya rejista, na wasifu wenyewe ni jalada. Kubadili njia ni kuandika upya mstari mmoja katika akaunti. Hakuna faili hata moja linalotoka seva ya zamani kwenda seva mpya kwa sababu ya kitendo hicho peke yake. Ila ipo tofauti moja. Karani anayekuta shubaka tupu huuliza jalada limekwenda wapi. Kompyuta haiulizi, hufungua wasifu mpya, mtupu, kwa jina lile lile.

3. Hasara inayoweza kutokea

Tuseme ofisi imepata seva mpya, na msimamizi wa mtandao amepewa mwongozo uliotafsiriwa wenye sentensi hii: "Hamishia njia ya wasifu kwenye seva mpya." Anaandika njia mpya katika kila akaunti, na kwa kuwa mwongozo umesema kuhamisha, anaamini kwamba wasifu zote zimekwisha hama.

Asubuhi yake watumishi wengi hawaoni tofauti yoyote. Sababu ni kwamba kwa kawaida kompyuta iliyowahi kumpokea mtumiaji hubaki na nakala ya wasifu wake. Kompyuta hiyo huitumia nakala yake, kisha mtumiaji anapotoka huiandika katika seva mpya. Kosa limefichika.

Lakini mtumishi ambaye siku hiyo anaketi kwenye kompyuta isiyowahi kumpokea hukuta eneokazi jeupe. Barua aliyokuwa akiiandika juzi na kuiweka hapo haionekani. Atokapo, wasifu huo mtupu ndio unaoandikwa katika seva mpya kuwa wasifu wake. Wasifu wake wa kweli ungali katika seva ya zamani, na bado waweza kuokolewa. Msimamizi akiifuta seva ya zamani kwa kuamini kwamba kila kitu kimehamishwa, basi umepotea, isipokuwa kama kulikuwa na nakala ya akiba.

Hali nyingine ni ile ambapo kompyuta inashindwa kabisa kuupakia wasifu. Hapo mfumo wa Windows waweza kumpa mtumiaji wasifu wa muda, na chochote atakachokihifadhi ndani ya wasifu huo hufutwa anapotoka. Mfasiri anayeandika "wasifu mpya" mahali pa "wasifu wa muda" amemficha msomaji onyo ambalo lingemwokolea kazi ya siku nzima.

4. Ushahidi wa mfumo wa Linux

Kwamba mambo haya ni mawili wala si moja, huonekana waziwazi katika mfumo wa Linux. Huko faili liitwalo /etc/passwd lina mstari mmoja kwa kila akaunti. Mstari huo una sehemu saba zilizotengwa kwa nukta mbili, na sehemu ya sita ndiyo inayotaja kabrasha la nyumbani la mtumiaji. Amri ya usermod ikipewa alama ya -d pamoja na njia mpya, huibadili sehemu hiyo ya sita na kuyaacha mafaili yalipo. Ikiongezewa alama ya -m, huyahamisha pia mafaili ya kabrasha la zamani hadi kabrasha jipya. Waliotunga amri hiyo waliona haja ya kutenganisha vitendo hivyo viwili. Hatuna sababu ya kuvichanganya katika Kiswahili, ambacho kina vitenzi vya kutosha.

Windows nayo ina jambo linaloonyesha kwamba njia ni maandishi na wala si mahali. Tangu Windows Vista, mfumo huo huongeza wenyewe kiambishi mwishoni mwa jina la kabrasha la wasifu unaosafiri. Kiambishi cha Vista kilikuwa .V2, katika Windows 10, tangu toleo la 1607 la mwaka 2016, ni.V6. Hivyo akaunti yaweza kuandikwa "amina" huku kabrasha lililomo katika seva likiitwa "amina.V6". Msimamizi asiyelijua jambo hili huona kana kwamba kuna kosa, akaongeza .V6 katika akaunti, na mfumo, kwa kufuata desturi yake, hutafuta "amina.V6.V6". Basi pana njia iliyoandikwa na pana njia inayofuatwa, na mwongozo mzuri hauna budi kutaja ni ipi inayokusudiwa.

5. Nomino

Neno "njia" lina maana ya barabara, na pia lina maana ya namna ya kutenda jambo. Kwa hiyo sentensi "badili njia ya kuhifadhi wasifu" yaweza kueleweka kuwa ni kubadili utaratibu wa kuhifadhi. Wapo watakaopendelea "anwani". Lakini neno hilo limekwisha kushikwa na barua pepe na mitandao. Tena anwani hutaja mwisho wa safari tu, ambapo njia hutaja kila kituo kipitwacho: seva, kabrasha la pamoja, kabrasha la mtumiaji. Wengine watapendekeza "mapito". Hilo nalo, katika mazungumzo ya siku hizi, limeelemea upande wa majaribu na shida za maisha. Kwa maoni yetu "njia" libaki, ila lisiachwe peke yake: iandikwe "njia ya faili" au "njia ya wasifu", na kitenzi kinachotangulia kiwe "andika" au "badili".

Neno "wasifu" lafaa, kwa sharti moja. Katika ofisi, wasifu wa mtumishi ni maelezo ya elimu yake na kazi alizofanya. Mtumishi akiambiwa kwamba wasifu wake umefutwa, atakimbilia idara ya utumishi. Kwa hiyo neno "mtumiaji" lisiachwe katika mtajo wa kwanza. Hapo msomaji ataona pia kwa nini haifai kutafsiri "seva" kuwa "mtumishi". Tungepata "wasifu wa mtumiaji katika mtumishi", maneno ambayo hata mwandishi wake angejikwaa anapoyasoma.

6. Vitenzi

Kubadili. Kitumike kwa maandishi yaliyomo katika akaunti. Tunabadili njia, hatubadili wasifu.

Kunakili. Kitumike pale ambapo mafaili yanaandikwa mahali papya na ya awali yanabaki. Baada ya kunakili pana wasifu mbili.

Kuhamisha. Kitumike pale tu ambapo mafaili hayabaki mahali pa zamani. Kila mtumishi anajua maana ya uhamisho: aliyehamishwa hasaini tena daftari la mahudhurio katika kituo alichotoka. Njia haihamishwi kamwe.

Kuelekeza. Katika Windows upo utaratibu mwingine ambao kabrasha fulani la mtumiaji, kwa mfano la nyaraka zake, hukaa katika seva moja kwa moja, wala halinakiliwi kila anapoingia na kutoka. Tunapendekeza kitenzi hiki kihifadhiwe kwa utaratibu huo, kisitumike kwa kubadili njia ya wasifu.

7. Mfano wa maagizo

Kwa kufuata mapendekezo hayo, ile sentensi moja ya mwongozo tuliyoitaja itakuwa maagizo sita:

(a) Hakikisha kwamba mtumiaji ametoka katika kompyuta zote, kwa kuwa njia ya wasifu husomwa wakati wa kuingia, na mabadiliko hurudishwa kwenye seva wakati wa kutoka.
(b) Nakili kabrasha la wasifu kutoka seva ya zamani hadi seva mpya.
(c) Kagua mmiliki na ruhusa za kabrasha jipya. Windows yaweza kukataa wasifu ambao mmiliki wake si yule anayetarajiwa.
(d) Katika akaunti ya mtumiaji, badili njia ya wasifu. Kitendo hiki hakihamishi faili lolote.
(e) Mwombe mtumiaji aingie kwenye kompyuta isiyowahi kumpokea, na ahakikishe kwamba mafaili yake yapo.
(f) Usifute wasifu ulio katika seva ya zamani mpaka watumiaji wote wamehakikisha.

Msomaji atasema kwamba tafsiri hii ni ndefu kuliko matini ya asili. Ni kweli. Lakini mwandishi wa asili aliwaandikia watu ambao walikwisha kujua kwamba njia na wasifu ni vitu viwili. Mfasiri anawaandikia pia wale ambao watalijua jambo hilo kwa mara ya kwanza kutokana na sentensi yake. Agizo la (d) lina maneno matano ambayo hayamo katika matini nyingi za asili, nayo ndiyo yenye manufaa kuliko yote.

Twawaomba walimu wa masomo ya kompyuta na wasimamizi wa mitandao maofisini watuletee vitenzi wanavyovitumia kila siku kwa kazi hii na nyingine zinazofanana nayo. Mengi ya maneno hayo hayajaingia katika orodha zetu. Yaliyo mazuri yastahili kusanifiwa, na yale yanayochanganya yastahili kutajwa mapema, kabla seva ya zamani haijafutwa.